Kompyuta zinaulizana, majina yanapotea njiani

Mama aliyekimbia Masisi anaweza kuandikwa mara tatu kabla ya kupata hema moja. OIM ina programu yake, BRaVe. PAM ina SCOPE, HCR ina proGres, na mashirika madogo yana faili za Excel au daftari tu. Kila mara maswali ni yale yale, na jetoni ni nyingine. Siku ya kugawa posho anaambiwa jina lake halimo.

Watu wa informatiki wana jibu: programu hizo ziunganishwe kwa huduma za wavuti. Maana yake, programu moja inauliza nyingine kwa njia ya intaneti, kwa kanuni inayojulikana, nayo inajibu bila mtu kubeba karatasi. Jambo hilo linawezekana, na lina zaidi ya miaka 20. Lakini hata waliolianzisha hawakuelewana upesi. Mwaka 2002 IBM, Microsoft na wenzao walilazimika kuunda kikundi kilichoitwa WS-I, ili wapatane namna ya kutumia kanuni ambazo zilikuwa zimekwisha andikwa.

Kwa wakimbizi wa ndani wa Kivu, ugumu uko kwenye fishi kuliko kwenye waya. Mkongomani ana jina, postnom iliyoingia enzi ya Mobutu, na prenom. Programu nyingi zilizotengenezwa mbali zina nafasi mbili tu. Karani mmoja anabandika postnom kwenye jina, mwingine anaiacha. Asiyejua siku aliyozaliwa anaandikiwa tarehe 1 Januari, hata nusu ya kambi ikawa na sikukuu moja ya kuzaliwa! Kijiji nacho: Kitshanga, Kitchanga, Kichanga. Na mume mwenye wake wawili katika mahema mawili, ni familia moja au mbili? Kompyuta zikiulizana juu ya watu hao, jibu litakuja haraka sana, kwa kanuni safi kabisa, kwamba mtu huyo hajulikani.

Wengine watasema alama za vidole zinamaliza mambo, hasa kwa kuwa kadi ya mpiga kura, ambayo wengi hapa wanaitumia kama kitambulisho, hupotea njiani wakati wa kukimbia. Ni kweli kidole hakina postnom. Ila orodha yenye vidole, majina na vijiji ni kitu cha kuogopa mahali ambapo mji unaweza kubadilisha wakubwa kwa siku chache, kama Goma mwezi wa Januari 2025. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi habari za wakimbizi Warohingya, zilizokusanywa na HCR pamoja na serikali ya Bangladesh, zilivyofika mikononi mwa Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia. Kuunganisha kila kitu ni hatari kama kutounganisha.

Lakini huduma ya wavuti haina lazima ya kutoa faili nzima. Shirika linaweza kuuliza jambo moja: familia yenye namba hii imepata chakula mwezi huu? Jibu ni ndiyo au hapana. Jina, kijiji na vidole vinabaki vilipo.

Mwezi wa Desemba 2018, wakuu wa OCHA, HCR, PAM na UNICEF walitoa tamko la kutumia mfumo wa pamoja katika msaada wa fedha. Hapa kwetu kazi ingeanza na vitu vidogo ambavyo havihitaji mashine mpya: fishi yenye nafasi tatu za jina, orodha moja ya vijiji, na maana moja ya neno familia. Kamati za wakimbizi zingekaa mezani siku ya kuandika maana hiyo, kwa sababu ndizo zinazojua nani analala hema gani. Na mama wa Masisi, kabla ya kuweka kidole kwenye mashine, angeambiwa kwa Kiswahili au Kinyarwanda ni mashirika gani yatakiona, na kwamba akikataa hatanyimwa posho.