Faili za umma zisiwekwe rehani

Makamanda, leo tuongelee kitu kisichopigiwa makofi jukwaani: faili za kompyuta.

Shungimbili, kisiwa kidogo cha Mafia, ni hifadhi ya bahari na hapohapo pana hoteli ya wenye nazo. Mvuvi akitaka kujua mpaka wa hifadhi uko wapi na nani kapewa nini kwa masharti gani, tegemeo lake ni nyaraka za serikali. Zikihifadhiwa kwa fomati ambayo siri yake anaijua muuzaji mmoja tu, siku akiamua kuiacha, tumekwisha.

Na msidanganywe kwamba kampuni hufungua fomati kwa huruma. Mwaka 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitangaza kwamba nyaraka zake zitakuwa kwenye fomati huria, ODF ikiwemo. Mwaka 2006 ODF ikapitishwa na ISO. Microsoft wakaleta fomati yao wenyewe, nayo ikapita 2008 (hata ujanja huo unaonyesha presha iliwauma), na 2009 wakaiingiza ODF kwenye Office 2007. Mnunuzi mkubwa kakunja ndita, muuzaji kalegea.

Sisi je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ya Kiswahili na ya bure, tangu 2004! Serikali yetu nayo ni mnunuzi mkubwa. Iandike kwenye kila zabuni: faili zote ziwe kwenye fomati huria. Sentensi moja tu, jamani. Diwani akija kuomba kura, aulizwe hilo kabla hajagawa kofia.