Talaka isimalize mtaji
Wanandoa wengi wanaofikishana mahakamani huamini kuwa atakayeshindwa ndiye atakayelipa gharama zote, hata za wakili wa mwenzake. Katika kesi nyingi za madai ndivyo ilivyo. Lakini katika mashauri ya ndoa, mahakama za Tanzania mara nyingi huamuru kila upande ubebe gharama zake.

Maana yake, mume akiuza ng'ombe na mke akichota fedha za duka ili kugombea shamba na watoto, huenda hakuna atakayerudishiwa. Inayoliwa ni mali ileile wanayotaka kugawana, na ada ya shule ya watoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro uanzie kwenye baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wengi huenda pale kuchukua hati tu, kisha wakakimbilia mahakamani. Hapo ndipo hasara inapoanza. Hata kama ndoa haiponi, ni nafuu kuelewana mapema kuhusu malezi na mali. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla hajauza jembe.