Mafuta ndani ya ini: ekografia isiyoona kitu si cheti cha afya

Katika miji mingi ya Kongo, mgonjwa wa kisukari anayetumwa kupimwa ini hulala kwenye kitanda cha ekografia, hupakwa jeli tumboni, na baada ya dakika chache anapewa karatasi iliyoandikwa: ini la kawaida. Anarudi nyumbani na furaha. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Ekografia ya kawaida haihesabu mafuta. Munganga hulinganisha ini na figo la kulia; ini likionekana jeupe kuliko figo, anaandika kuna mafuta. Lakini mafuta hutambulika kuwa ugonjwa yanapopita asilimia 5, wakati ekografia mara nyingi haiyaoni mpaka yafike asilimia 20 au 30. Wangapi wako katikati, wakiambiwa hawana kitu? Tena wengine hawagusi pombe kabisa, kwa hiyo hakuna anayewashuku.

IRM ndiyo inayopima vizuri zaidi. Haidrojeni ya maji na ile ya mafuta hazitetemi kwa kasi moja. Mashine huzitenganisha na kutoa asilimia kamili, bila sindano. Ila mashine hizo ni chache sana nchini, na bei yake si ya mama anayeuza fufu sokoni. Kumwambia aende IRM ni kumfukuza kwa adabu.

Kinachostahili kununuliwa kwa hospitali za majimbo ni kifaa kama FibroScan. Kinapima jinsi mawimbi ya sauti yanavyofifia ndani ya mafuta, na papo hapo kinapima ugumu wa ini. Ugumu ndio wa kuogopwa zaidi, maana makovu ndiyo yanayofikisha watu kwenye sirosi. Kifaa hicho kinawafaa pia wagonjwa wa hepatiti B, ambao Kongo inao wengi. Anayesema ni anasa ya matajiri wenye vitambi hajatazama wodi.

Kabla kifaa hakijafika, waganga waongeze sentensi moja kwenye karatasi ya ekografia: kipimo hiki hakioni mafuta kidogo. Kisha mwenye kisukari na kiuno kipana ashauriwe kupunguza uzito hata kama picha ni safi. Mwenye kilo 90 akipunguza 7 hadi 9, mafuta ya ini hupungua, yawe yalionekana au hayakuonekana.