Anwani tatu za barua pepe

Nina anwani tatu za barua pepe, na marafiki huniuliza ninaficha nini. Sifichi kitu. Ya kwanza ni ya watu. Ya pili ni ya benki na KRA, hiyo simpi mtu. Ya tatu ni ya takataka: maduka, Wi-Fi za mikahawa na kila fomu ya kulazimishwa.

Wenzangu husema Gmail moja inatosha, kwani ukiandika jina+duka@gmail.com barua itakufikia vilevile. Kweli, ila tovuti nyingine huikataa hiyo alama ya kujumlisha, na mtumaji akiifuta anabaki na anwani yako halisi.

Hatari ninayoiona mimi ni anwani uliyoisahau. Mwaka 2013 Yahoo iliamua kuwapa watu wapya majina yaliyokaa bila kutumika. Google nayo ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili.

Mwaka jana nilisahau neno la siri la ile anwani ya benki. Kiungo cha kulibadilisha kikatumwa kwenye anwani niliyofungua nikiwa kidato cha pili, ambayo ilishakufa zamani! Nilihangaika siku nne. Siku hizi kila mwisho wa mwezi naingia zote tatu, hata ya takataka.