Utafiti Usiishie Kabatini

Mtoto wa Kate, katika Wilaya ya Nkasi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, huzungumza Kifipa nyumbani na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwenzake wa Visiwani, aliyezaliwa na Kiswahili, hayuko mbali naye: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Jambo hili basi ni letu sote.

Wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 1978 BAKITA lilichapisha uchunguzi wa Ndugu Penina Mlama na Ndugu May Matteru, uliotetea Kiswahili kitumike kufundishia elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd kutoka Uingereza waliwapima wanafunzi wetu, wakakuta Kiingereza chao hakitoshi kujifunzia. Dawa iliyochaguliwa ikawa mradi wa kuimarisha Kiingereza, kwa msaada wa Uingereza.

Ni dhahiri kwamba wataalamu hao wote waliuona ugonjwa ule ule. Ushauri uliopokelewa ni ule uliolingana na uamuzi uliokwisha kufanywa, tena ulioambatana na fedha.

Hatusemi kwamba watafiti ndio watawale. Serikali haina budi kupima pia vitabu, walimu, gharama na matakwa ya wazazi wanaokiona Kiingereza kuwa mlango wa kazi. Hizo ni hoja halali, na hoja halali husemwa hadharani. Sera ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limebakiza Kiingereza sekondari. Mzazi wa Kate anastahili kuelezwa ni ushahidi gani uliogeuza uamuzi huo.

Tunashauri kwamba kila pendekezo la kitaalamu linalokataliwa lijibiwe kwa maandishi, na wananchi wapewe sababu zake kwa lugha wanayoielewa. Viongozi wenzetu wasiione kazi hiyo kuwa usumbufu. Kujikosoa ni desturi tuliyolelewa nayo katika Chama, na wahenga walisema elimu bila amali ni kama mti usio na matunda.