Tunaogopa ndoo, hatuogopi geto

Nimerudi. Mlioniuliza kwa meseji kama nimehama chuo, sijahama, ni testi tu zimefuatana kama daladala za Tegeta jioni, ikipita moja nyingine hiyo hapo. Leo sina stori ya bumu wala ya mhadhiri. Leo naongelea ngoma. Ndiyo, UKIMWI. Najua wengine mmeshaguna, "aah, hayo si tumeyasoma tangu shule ya msingi". Tumeyasoma kweli, na mtihani tulijibu vizuri tu. Ila tuliyoyajibu kwenye mtihani na tunayoyaogopa usiku ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa msionijua, nimepanga chumba huku Mbweni, nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, bafu moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Mwezi uliopita dada mmoja mpangaji mwenzetu alisahau kikopo cha dawa kwenye dirisha la bafu. Huyu dada anauza samaki wa kukaanga (hauzi samaki, nimebadilisha makusudi msije mkaanza upelelezi). Kuna mtu akakisoma kile kikopo, akatafuta jina la dawa kwenye simu, na kufika magharibi uani kuna kikao. Maazimio: dada awe na ndoo yake, asianike kwenye kamba ya wote, vyombo vyake asioshee bombani. Walipofika kwenye choo wakakwama, maana choo ni kimoja na hakuna aliyekuwa tayari kuchimba cha pili! Kaka mmoja akapendekeza kila dada akitoka imwagwe Jik. Mwenyewe yuko chumbani, mlango umerudishwa tu, anasikia kila neno.

Sasa jamani, tuhesabu. Katika kikao kile, mtu pekee ambaye hali yake inajulikana ni yule dada. Amepima, anameza kidonge chake kila siku, anakwenda kliniki, anapimwa wingi wa virusi kwenye damu. Sisi wengine tuliokaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, nani alikuwa na majibu hata ya mwaka huu? Aliyepiga kelele kuliko wote ana mpenzi wa wiki tatu, geto la jamaa liko Boko, na Ijumaa mpaka Jumapili haonekani nyumbani. Nikamuuliza taratibu, "shoga, nyie mmepima?" Akanijibu, "we naye, si unamwona alivyo, mwili wote ule!"

Mwili wote ule. Yaani 2022 na 2023 nchi ilifanya utafiti mkubwa wa VVU nyumba kwa nyumba, ikaonekana kati ya watu wazima 100 wenye virusi, kama 17 hawajui kabisa kama wanavyo. Hao 17 wana miili, wana mapozi, wana geto. Na hawana kikopo cha kusahau dirishani.

Hii ya kupima kwa macho ina historia yake, sijui kama tuwalaumu sana wazee wetu. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa kule wakauita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinauzwa na wafanyabiashara wa mpakani enzi hizo. Wenzao wa Uganda wakauita Slim, yaani wembamba. Dawa hakuna, mtu anakwisha mbele ya macho yako, basi mwili mwembamba ukawa ndiyo cheti. Huku mjini utani ukachukua herufi za AIDS zikawa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, na siku hizi anayemeza vizuri unaweza usimjue mpaka mnazeeka wote. Chuoni kwetu ukiona mtu kakonda ujue bumu limechelewa.

Kwa hiyo macho yamebaki na sheria za mwaka 1985 wakati ugonjwa umeshabadilika. Kuna utafiti uliofanyika Ulaya, majibu yalitoka 2016, walifuatilia wapenzi 888, mmoja ana virusi na anatumia dawa, virusi vimeshuka mpaka kipimo hakivioni, mwenzake hana. Walikutana kimwili bila kondomu kama mara 58,000. Waliopata virusi walikuwepo, watu 11. Wakapima vinasaba vya virusi vyao, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake wa ndani, wote walivitoa nje! Someni tena hapo. Mtu wa kuogopwa alikuwa nje, kule ambako hakuna aliyekuwa anauliza maswali.

Sasa mchukue yule dada yetu. Tangu kikao kile hamezi dawa mbele ya mtu. Kikopo kaficha kwenye mfuko wa mkaa, akija mgeni haingizi mkono. Aliniambia siku moja kapitiwa kabisa kwa sababu wapangaji walikaa uani mpaka saa sita usiku. Siku moja si neno sana, lakini akizoea kuruka ruka, virusi vinapanda, na hapo ndipo anapoanza kuweza kuambukiza kweli. Wapangaji wanaojilinda na ndoo wanatengeneza hatari ambayo haikuwepo. Nimewaambia hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba nikamkumbusha kuna sheria ya mwaka 2008 inayokataza kumnyanyapaa mtu kwa sababu ya VVU, akaniangalia kama namdai kodi yeye.

Twende kwenye mbu. Nikiwa kwenye mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, sekondari moja huko Temeke, niliweka boksi la maswali bila majina. Nilitegemea maswali ya mapenzi. Karatasi kibao ni mbu! Na huku Mbweni kwenye mikoko mbu wetu wana ukubwa wa kutisha, hivyo swali nalielewa. Jibu langu kwa watoto lilikuwa hili: mbu ana njia mbili kwenye ule mdomo, moja anatemea mate, nyingine anavuta damu. Damu ya jirani hairudishi kwako, anaisaga tumboni kama chakula, na virusi vya UKIMWI ndani ya mbu havina seli ya kuzalianamo. Malaria inapita kwa sababu kimelea chake kinaishi ndani ya mbu na kuhamia kwenye mate. Halafu nikawauliza wao, nani anaumwa sana na mbu na malaria, si wadogo zenu wa darasa la kwanza na la pili? Basi kama mbu angekuwa anapeleka VVU, darasa la pili lote lingekuwa kliniki. Mvulana mmoja nyuma akasema "kumbe!" kwa sauti, nikajisikia mwalimu kamili.

Sahani, kijiko, choo, kamba ya nguo, kushikana mikono, kikohozi, hayo nayapita haraka. Hayaambukizi. Kubusu kawaida, mate, hapana.

Kinyozi ndiyo anastahili aya yake, maana kaka zangu mnamwogopa kuliko geto. Kirusi cha UKIMWI ni dhaifu sana kikiwa nje ya mwili, damu ikikauka nacho kinakwisha nguvu. Ila msishangilie, kuna kitu kinaitwa homa ya ini aina ya B. Hicho kirusi kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado kikawa kizima. Kwa hiyo kinyozi kumwambia asafishe mashine na kubadilisha wembe ni sawa kabisa, ila unamwogopa kwa jina lisilo lake. Na homa ya ini B ina chanjo. Wangapi hapa mmechanja?

Hatari ya kweli iko wapi basi? Damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama asiyetumia dawa. Mengine ni porojo. Kwa hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti nyingi, mwanamke akilala na mwanaume mwenye virusi asiye kwenye dawa, bila kondomu, anaambukizwa kwa wastani mara 8 kati ya 10,000. Mhudumu wa afya akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, mara 23. Kuchangia sindano za kujidunga, mara 63. Ngono ya kinyume na maumbile, kwa anayeingiliwa, mara 138. Na kuongezewa damu yenye virusi hapo hakuna bahati, zaidi ya 9,000, ndiyo maana damu inapimwa kabla hujaongezewa.

Mshkaji mmoja wa darasani alipoona hiyo 8 akapiga mluzi, "kumbe ni bahati nasibu!" Subiri kwanza baba. Wastani unaficha mengi. Kule Rakai, Uganda, watafiti walifuatilia wanandoa na majibu yakachapishwa 2005. Mtu akiwa ndiyo kwanza ameambukizwa, ile miezi miwili mitatu ya mwanzo, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake ulifika mara 1 kati ya kama 120, yaani zaidi ya mara 10 ya ile miaka ya katikati. Virusi vinakuwa vimejaa kwenye damu na mwili haujajipanga. Ongeza kaswende au malengelenge ya sehemu za siri, ongeza michubuko, hesabu inazidi kupanda. Na hakuna anayekwenda geto mara moja.

Sasa unganisha na ile "sisi tulipima wote" ya chuoni. Vipimo vya haraka tulivyozoea vinatafuta kingamwili, na mwili unachukua muda kuzitengeneza, kwa wengine mpaka miezi mitatu. Maana yake ile miezi ambayo mtu ni moto kuliko yote, kipimo kinaweza kuandika hana. Mmekutana kwenye bashi Jumamosi, Jumatatu mmepima, Jumanne kondomu zimetupwa. Hapo mmepima nini? Mmepima maisha yake ya zamani. Rudieni baada ya miezi mitatu, katikati yake kondomu. Najua hamtaki kusikia, ndiyo maana nimeandika.

Wasichana wenzangu, mnakumbuka Fataki? Ile kampeni ya redio ya 2008, mtu mzima mwenye hela anayewinda mabinti. Sisi tulikuwa wadogo mno lakini jina limebaki mtaani mpaka leo. Tunacheka tukilisikia, ila bumu likichelewa mafataki wanapaki nje ya hosteli kama teksi. Mtu wa miaka 45 ana miaka mingi ya mapenzi nyuma yake kuliko mvulana wa darasa lako, na kumwambia "vaa kondomu" mtu aliyekulipia kodi ya miezi sita ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote wa takwimu. Hilo vipeperushi huwa vinalipita juu juu.

Kaka zangu wa Pwani nao wana lao, "mimi nimetahiriwa". Majaribio ya Rakai na Kisumu yalisimamishwa mapema na kutangazwa, matokeo kamili yakachapishwa 2007, tohara inampunguzia mwanaume uwezekano wa kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa kama asilimia 60. Inapunguza, haizuii. Na wewe ukishakuwa navyo, tohara yako si kinga ya mwenzako.

Kuna hatari nyingine iko karibu yetu na hatuitazami kwa sababu tumeshawaita watu mateja tukamaliza. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa hapa hapa Dar waliokuwa wanagawana damu. Mmoja anajidunga heroini, anavuta damu yake kwenye bomba la sindano, anampa mwenzake asiye na hela ajidunge ile damu ili arosto ipungue. Fikiria! Muhimbili walianza kutoa methadoni 2011, dawa ya kunywa, mtu anaachana na sindano. Hiyo nadhani imezuia maambukizi mengi kuliko mabango yote ya fuvu.

Na kuna usalama wa kufikirika pia. 2011 Loliondo, kijiji cha Samunge, Babu Ambilikile Mwasapile na kikombe cha shilingi 500. Foleni ya magari kilomita kwa kilomita, viongozi wakubwa wakapigwa picha wakinywa. Wapo waliotupa ARV zao wakijua wamepona. Babu alifariki 2021, sina ugomvi na marehemu, ugomvi wangu ni na kidonge kilichotupwa.

Mwisho kuna jambo ambalo watu wengi chuoni hawalijui. Kondomu ikipasuka, au ukibakwa, au umechomwa na sindano, kuna dawa za kuzuia zinazoitwa PEP. Ni lazima uanze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, unameza siku 28. Usisubiri Jumatatu, usisubiri testi iishe, nenda usiku huo huo. Na wenye mpenzi wasiyemwamini kuna vidonge vya kujikinga kabla, ulizeni kliniki. 2024 Uganda na Afrika Kusini walijaribu sindano ya mara mbili kwa mwaka kwa wasichana na wanawake vijana 2,134, hakuna aliyeambukizwa hata mmoja. Kupima, tangu 2019 sheria inaruhusu kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi umeshuka toka 18 hadi 15, kwa hiyo hata wale watoto wangu wa boksi la maswali wa miaka 15 wanaweza.

Haya, naogopa kukosa gari la Mbweni. Maoni ruksa, maswali ya mbu pia. Matusi nafuta.