Kamati Isome Karatasi Nzima ya Matokeo

Tangu kamati ya elimu ya jumuiya yetu ya watu wa Garissa hapa Minnesota itangaze kwamba basari ya jumuiya sasa itapewa mwombaji mwenye wastani wa B- au zaidi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, simu za wahariri hazijapoa. Wengi wanaopiga wana lalamiko moja: watu wa Garissa Township watachukua basari zote, wa maeneo ya Fafi na Ijara wabaki kutazama. Ni wachache mno waliouliza swali la maana zaidi, yaani hiyo B- imetokana na masomo gani.

Hadi KCSE ya 2022, wastani ulihesabiwa kwa masomo saba yasiyokwepeka: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la jamii na moja la ziada. Kufuatia mapendekezo ya jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu, tangu KCSE ya 2023 wastani unatokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Hatupingi badiliko hilo. Limewanusuru vijana wengi waliokuwa wakizamishwa na somo moja. Lakini pia limefanya D ya Kemia iweze kupotea kabisa ndani ya wastani, na kamati yetu imeandika sheria kana kwamba haijui hilo.

Chukueni kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme mwombaji wa kwanza ana Dini ya Kiislamu A, Kiswahili A-, Jiografia B+, Biashara B+, Kiingereza B, Biolojia C-, Hisabati D na Kemia D. Kwa hesabu mpya Kemia inaachwa nje, naye anapata pointi 60 kati ya 84, ambazo ni B kamili. Kwa hesabu ya zamani angepata 53, yaani B-. Mwombaji wa pili amesoma sayansi zote tatu: Hisabati B, Fizikia B-, Kemia B-, Biolojia C+, Kiswahili C+, Dini C+, Kiingereza C na Biashara C. Huyu ana pointi 52. Ni C+, pointi moja tu chini ya mstari wa kamati, na fomu yake haitafunguliwa.

Sasa wapelekeni wote wawili KUCCPS, mamlaka inayowapangia wanafunzi kozi za vyuo. Huko wastani ni nusu tu ya habari. Kila kozi ina klasta yake ya masomo manne, yenye jumla ya pointi 48, na masharti ya somo mojamoja juu yake. Uhandisi kwa kawaida hudai C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Yule wa C+ anaingia kwenye mashindano akiwa na pointi 32 za klasta. Yule wa B hana hata Fizikia ya kuandika. Hata diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, haimtaki, kwa sababu Biolojia yake haijafika C. Hatusemi hafai kusaidiwa. Kiswahili chake na Jiografia yake vinaweza kumpeleka kwenye ualimu au kozi nyingine nzuri, na anastahili kufika huko. Tunalosema ni kwamba sheria inayomwona huyu na kumtupa mwenzake haijapima bidii wala uwezo.

Na madhara yake hayataishia kwa waombaji wa mwaka huu. Mfuko wetu ni mdogo, lakini tangazo letu limeshafika nyumbani. Kijana anayechagua masomo yake ya KCSE ataambiwa na mwalimu, na mjomba wake wa Minneapolis pia: achana na Fizikia, itakuharibia wastani, utakosa pesa za watu wa Marekani.

Kila mmoja wetu anajua kwa nini sayansi ni ngumu kwetu kuliko Kiambu. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wakiwemo walimu wengi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji wa kaunti zetu. Shule zikabaki na maabara zisizo na mwalimu, mahali ambapo maabara zipo. Mtoto aliyepata B- ya Fizikia katika hali hiyo amefanya kazi ambayo wastani hauwezi kuionyesha.

Linalotuuma zaidi ni kwamba hapa Minnesota sisi wenyewe hatuwalei hivyo watoto wetu. Tunawasukuma wachukue madarasa ya AP, yenye kiwango cha chuo. Tunawatafutia PSEO, mpango ulioanza 1985 wa kuwalipia wanafunzi wa sekondari masomo ya chuo. Tunawaambia kwamba vyuo husoma orodha nzima ya masomo, na kwamba B ya darasa gumu ina heshima yake. Kisha tunawaandikia binamu zao wa Garissa sheria inayosema kinyume.

Kamati inasema ilitaka kipimo rahisi, kisichompa mtu nafasi ya kupendelea wa kwao. Nia hiyo tunaielewa. Lakini klasta nayo ni namba. Haijui baba yako ametoka Lagdera au Balambala.

Kuna pia suala la utaratibu, nalo hatutalinyamazia. Badiliko la masharti ya mfuko hutakiwa kuwafikia wanachama kwa maandishi siku 21 kabla ya mkutano. Hili halikuwafikia. Liliingizwa chini ya "Mengineyo", mwishoni mwa kikao cha simu, wakati nusu ya waliohudhuria walikuwa wameshakata simu. Waliobaki hawakuuliza kama akidi ipo. Katibu hakuhesabu.

Zaidi ya hayo, sheria hii itapitwa na wakati karibuni. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026 kwa njia tatu: STEM, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Baada ya hapo mstari wa B- utatuacha bila kipimo chochote.

Kwa miaka ya KCSE iliyobaki, tunapendekeza kifungu kiandikwe upya hivi: mwombaji awe na C+, ambayo ndiyo kiwango cha kuingia chuo kikuu, aambatishe karatasi kamili ya matokeo na barua ya KUCCPS, kisha waombaji wapangwe kwa pointi za klasta ya kozi waliyopewa, kila kozi na klasta yake. Wanachama walio walimu, na mpo wengi, jitoleeni kuisaidia kamati kuzisoma karatasi hizo.

Hoja ya marekebisho inahitaji saini za wanachama kumi, na lazima imfikie katibu siku 21 kabla ya mkutano mkuu. Fomu iko kwa mhazini. Ukienda kutia saini, lipa na ada yako ya mwaka papo hapo, kwa sababu asiyelipa hapigi kura, na daftari la mhazini halijajaa hata ukurasa mmoja.